Njia ya Panya Kando ya Vali ya Aota: Maswali Wanayouliza Wazazi

Kwenye karatasi za hospitali utakuta herufi nne: ALVT, kifupi cha Kiingereza cha aorto-left ventricular tunnel, kasoro ya moyo ya kuzaliwa nayo. Wazazi wengi huzisikia kwa mara ya kwanza wakiwa wamesimama koridoni, mtoto begani, na daktari anaongea haraka. Majibu haya ni ya kusomwa baadaye, ukishakaa chini. Hayachukui nafasi ya daktari wa mtoto wako. Yatakusaidia kumwelewa na kumuuliza.

ALVT ni kitu gani hasa?

Moyo una chemba nne. Ile ya chini upande wa kushoto ndiyo yenye kazi nzito: inasukuma damu mwili mzima kupitia mshipa mkuu uitwao aota. Pale chemba inapokutana na aota kuna mlango, yaani vali ya aota. Vali hii ina vipande vitatu vyembamba vinavyofunguka damu ikitoka na kujifunga ili isirudi.

Kwa mtoto mwenye kasoro hii, mlango upo, lakini pembeni yake kuna njia nyingine. Inaanzia kwenye ukuta wa aota juu kidogo ya vali, mara nyingi upande wa kulia karibu na unapotokea mshipa wa kulia unaolisha moyo, inapita nje ya vali na kutokezea ndani ya chemba ya kushoto. Waliokulia karibu na mpaka wanajua mambo haya. Kituo cha forodha kipo na geti limefungwa, ila nyuma ya vichaka kuna njia ya panya. Damu iliyokwisha kutoka inarudi kwa njia hiyo kila moyo unapopumzika.

Kwa hiyo ni tundu kwenye moyo?

Si kwa maana ambayo watu wameizoea. "Tundu" linalotajwa sana ni lile lililo kwenye ukuta kati ya chemba ya kulia na ya kushoto, na baadhi ya matundu hayo hujifunga yenyewe mtoto anavyokua. Hii ni njia kati ya aota na chemba ya kushoto, na haitarajiwi kujifunga. Nalisema mapema kwa sababu jirani mwenye nia njema atakuambia mtoto wa dada yake alikuwa na tundu likajiziba. Huenda ni kweli. Ulikuwa ugonjwa mwingine.

Inatofautianaje na vali inayovuja?

Hapa ndipo penye kiini cha ugonjwa wote. Kwa nje mambo hayo mawili yanafanana: damu inarudi kwenye chemba ya kushoto, chemba inatanuka, moyo unachoka. Tofauti ni kwamba kwenye ALVT vali yenyewe inaweza kuwa nzima au karibu nzima, angalau mwanzoni. Ndiyo maana mtoto mchanga anapoonekana kuwa na vali ya aota inayovuja sana, madaktari wa moyo wa watoto hufundishwa kuitafuta njia ya pembeni kwanza. Vali ya aota kuvuja peke yake kwa kiwango hicho tangu kuzaliwa ni jambo la nadra mno.

Ni nadra kiasi gani?

Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, takriban 8 huwa na kasoro fulani ya moyo. Miongoni mwa hao wenye kasoro, walio na ALVT hawafiki 1 kati ya 1,000. Piga hesabu: hawazidi 8 katika watoto milioni 1. Tanzania huzaliwa zaidi ya watoto milioni 2 kwa mwaka, kwa hiyo kwa hesabu hiyo tunazungumzia watoto wasiozidi ishirini hivi nchi nzima, na si wote wanaofika kwenye kipimo. Daktari wa wilaya anaweza kustaafu bila kumwona hata mmoja. Kwa hiyo usimlaumu haraka aliyekuambia ni nimonia.

Wavulana huipata zaidi kuliko wasichana. Jina lenyewe lilianza kutumika kwenye maandishi ya kitabibu mwaka 1963.

Tulikosea wapi wakati wa ujauzito?

Hamkukosea. Kasoro hutokea wiki za mwanzo kabisa, pale mzizi wa aota na vali yake vinapojitenga na kujipanga, wakati ambao mama wengi hata hawajajua kuwa ni wajawazito. Sayansi haijapata chanzo kimoja cha kunyooshea kidole, na kwa kawaida haifuati ukoo.

Dalili huanza lini, nazo ni zipi?

Inategemea upana wa njia. Ikiwa pana, mtoto huanza kuzidiwa siku za mwanzo au wiki za mwanzo. Ikiwa nyembamba, anaweza kukua miezi, hata miaka, kabla ya mtu kusikia sauti ya ajabu kifuani.

Mama ndiye huona kwanza, na huona kwenye kunyonya. Mtoto anashika ziwa kwa hamu, anavuta mara chache, anaachia, anahema. Jasho linamtoka kichwani mpaka kanga inalowa, hata asubuhi ya baridi. Analala kabla hajashiba, anaamka baada ya muda mfupi akilia njaa. Kliniki, uzito haupandi, mstari kwenye kadi umelala. Anapumua haraka hata akiwa ametulia. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa amelala: kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno; kuanzia miezi 2 hadi kabla ya mwaka, 50 au zaidi. Kipimo hichohicho hutumika kutafuta nimonia, na ndiyo sababu watoto wa moyo hupewa dozi moja ya antibiotiki baada ya nyingine. Kama mtoto ametibiwa "nimonia" mara mbili tatu bila homa ya maana, omba moyo usikilizwe.

Daktari akimpima hukuta mambo mengine. Mapigo yanaruka kwa nguvu, wakati mwingine unayahisi hata kwenye kiganja cha mtoto. Kifua upande wa kushoto kinadunda waziwazi. Kwenye stetoskopu kuna mvumo wa kwenda na kurudi, kama msumeno unaokata mbao taratibu. Presha ina pengo kubwa: ya juu iko sawa au imepanda, ya chini imeshuka sana, kwa mfano 90 kwa 30.

Hiyo presha ya chini kushuka si namba tu. Misuli ya moyo hupata sehemu kubwa ya damu yake wakati moyo umepumzika, kupitia mishipa midogo inayochipuka pale mwanzoni mwa aota. Damu ikikimbilia njia ya panya wakati huohuo, moyo unaofanya kazi ya ziada ndio unaokosa chakula.

Mtoto wangu hajawa wa bluu, na kipimo cha oksijeni kidoleni ni kizuri. Bado anaweza kuwa nayo?

Ndiyo. Damu inayorudi tayari imeshapita kwenye mapafu na ina oksijeni yake. Kipimo cha kidole kinaweza kusoma 98 huku moyo ukielemewa.

Mama mkwe anasema mtoto amebemendwa. Wengine wanataka akakatwe kimeo.

Najua swali hili linaulizwa kwa sauti ya chini. Mtoto asiyeongezeka uzito, anayehema na kukohoa, kwetu huzushiwa mengi, na kubemenda ni moja ya yale yanayoumiza zaidi kwa sababu linageuza ugonjwa kuwa kesi ya ndoa. Moyo wa mtoto huyu uliumbika hivyo tumboni. Hakuna alichofanya baba au mama baada ya kuzaliwa kilichoitengeneza njia hiyo. Kuhusu kimeo, tafadhali msimpeleke. Kukata kimeo kwa wembe kunaleta kutokwa damu na maambukizi, na vijidudu vikiingia kwenye damu ya mtoto mwenye kasoro ya moyo vinaweza kuota humo humo moyoni. Ukikosa la kumjibu bibi, mchukue uende naye kwenye eko, kipimo cha picha ya moyo. Akiona mwenyewe kwenye skrini jinsi damu inavyorudi, maneno yataisha.

Eko ya kwanza ilisema vali inavuja. Ya pili ikasema ALVT. Nani mkweli?

Yawezekana wote waliona kitu kilekile kwa pembe tofauti. Eko ni picha ya mawimbi ya sauti. Rangi kwenye skrini huonyesha damu inaelekea wapi. Mwali wa rangi unaorudi kwenye chemba ya kushoto unaonekana kirahisi. Kinachohitaji jicho lililozoea ni kuona mwali huo unapitia wapi: katikati ya vipande vya vali, au pembeni. Swali la kuuliza ni fupi: "Damu inarudi kupitia vali au kando yake?"

Wakati mwingine huongezwa CT, yaani picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta, ili kuona njia inavyopita na, muhimu kuliko yote kwa mpasuaji, mishipa inayolisha moyo inatokea wapi. Kuna watoto ambao mshipa wa kulia unachipuka ndani ya njia yenyewe. Mpasuaji asipojua hilo mapema, anaweza kuuziba pamoja na njia. Takriban nusu ya watoto wenye ALVT huwa na kasoro nyingine pia, hasa za mishipa hiyo au za vali ya aota, kwa mfano vali yenye vipande viwili badala ya vitatu.

Ingeweza kuonekana nikiwa mjamzito?

Inaweza. Kuanzia wiki ya 18 hadi 20 hivi, eko ya moyo wa mtoto tumboni huweza kuonyesha chemba ya kushoto iliyotanuka na damu inayorudi. Lakini hiyo si ultrasaundi ya kawaida ya kujua tarehe ya kujifungua na mtoto amelalaje. Ni kipimo cha mtaalamu, na hapa kwetu kinapatikana mahali pachache. Ikionekana, faida yake kubwa ni kupanga kujifungulia karibu na hospitali ya moyo.

Hakuna dawa ya kuifunga?

Hakuna. Furosemidi hutoa maji yaliyojaa kwenye mapafu, mtoto apumue vizuri; kaptoprili hulegeza mishipa ya mwili ili damu ione wepesi wa kwenda mbele kuliko kurudi. Zinamfikisha kwenye upasuaji akiwa na nguvu, na hapo ndipo kazi yake inapoishia. Dawa zinazopunguza mwendo wa moyo hutumiwa kwa uangalifu mkubwa hapa, kwa sababu kadiri moyo unavyopumzika muda mrefu kati ya pigo na pigo, ndivyo damu inavyopata muda wa kurudi. Usimpe mtoto dawa ya moyo ya ndugu mwingine, hata kama jina la ugonjwa linakaribiana.

Si bora tusubiri akue, afikishe kilo kadhaa?

Kwa magonjwa mengine ya moyo ushauri wa kusubiri una mantiki. Kwa huu, kwa kawaida hauna. Chemba inazidi kutanuka, na vali ambayo ingali nzima inaanza kuharibika: kipande chake kilicho karibu na njia hakina ukuta wa kukishikilia, kinapigwa na mkondo wa damu kila sekunde, kinalegea. Ukisubiri, mtoto aliyekuwa anahitaji kiraka anaweza kuja kuhitaji vali. Watoto wengi wasiopasuliwa hufariki mapema kwa moyo kushindwa. Wapo wachache wenye njia nyembamba wanaofuatiliwa kwa ukaribu bila haraka, lakini uamuzi huo ufanywe na timu ya moyo baada ya vipimo, usifanywe na familia kwa kuogopa kisu. Kuogopa ni haki yenu.

Upasuaji wenyewe unafanywaje?

Mtoto analazwa usingizi kabisa. Kifua kinafunguliwa katikati, kwenye mfupa wa kidari. Damu inaelekezwa kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, kisha moyo unasimamishwa kwa dawa maalumu ili mpasuaji afanye kazi kwenye kitu kilichotulia.

Hapo pana ugumu ambao haupo kwenye upasuaji mwingine mwingi. Kwa kawaida dawa ya kusimamisha moyo humiminwa mwanzoni mwa aota nayo huingia kwenye mishipa inayolisha moyo. Kwa mtoto huyu, ikimiminwa hivyo, itakimbilia njia ya panya na kujaa kwenye chemba. Kwa hiyo hupelekwa moja kwa moja kwenye midomo ya mishipa hiyo, au huingizwa kwa kupitia mishipa ya kurudisha damu, au njia hubanwa kwanza.

Aota ikishafunguliwa, mpasuaji anauona mdomo wa njia juu ya vali. Zamani wengine waliushona kwa kuuvuta pande zote kama tundu la shati. Ukiwa mwembamba inawezekana, ila ukiwa mpana uzi unavuta ukuta wa aota, na ukuta unavuta kipande cha vali kikapinda. Siku hizi wengi hutumia kiraka, cha ngozi ya mfuko wa moyo wa mtoto mwenyewe au cha kutengenezwa. Wapasuaji wengi huziba pia mdomo wa pili ulio ndani ya chemba, ili njia isibaki kama mfuko unaojaa na kupwaya chini ya vali. Wapo wanaoona mdomo mmoja unatosha. Kinachoamua ni umbo la njia, na mwaka 1988 madaktari waliyapanga maumbo hayo katika aina nne, kuanzia njia rahisi yenye mdomo kama mpasuko hadi zile zilizovimba nje ya moyo, ndani ya ukuta wake, au kote kuwili. Muulize daktari wenu aina gani.

Haiwezi kuzibwa kupitia tundu dogo la pajani?

Imefanyika, kwa watoto wachache waliochaguliwa, kwa kupitisha kifaa kidogo cha kuziba kwenye mshipa wa paja. Kizibo hakitakiwi kugusa vali wala kufunika mshipa unaolisha moyo, na kwa kichanga nafasi hiyo hupimwa kwa milimita. Kwa wengi, kufungua kifua bado ndiyo njia.

Tunaenda wapi?

Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015. Kabla yake watoto wengi walikuwa wakisubiri rufaa ya India. Kampala kuna Uganda Heart Institute. Kenya, upasuaji wa moyo wa watoto unafanyika Nairobi, na pia Tenwek huko Bomet. Kwa ugonjwa nadra hivi, si kila wiki mpasuaji anayefaa yupo. Wakati mwingine timu husubiri kambi ya pamoja na wataalamu wageni, au hupendekeza rufaa ya nje. Uliza wazi: "Mtoto anaweza kusubiri kambi hiyo, au hawezi?"

Gharama ni kubwa, sitaificha. Leteni kadi ya bima, kama ipo, siku ya kwanza kabisa. Kama haipo, ombeni kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hamjauza shamba. Ndiye anayejua utaratibu wa msamaha na wafadhili, na familia nyingi huambiwa habari zake wakiwa wameshauza.

Tukirudi nyumbani?

Mfupa wa kidari unahitaji wiki 6 hadi 8 kuunga. Usimnyanyue mtoto kwa kumshika makwapani. Mwingize mkono mmoja chini ya makalio, mwingine nyuma ya kichwa na mgongo, umchote. Kumbeba mgongoni kwa kanga kusubiri mpaka kliniki iruhusu, kwa sababu kifua kinabanwa. Bibi atanung'unika.

Maziwa kidogokidogo, mara nyingi. Akichoka na ziwa, kamua umnyweshe kwa kikombe au kijiko. Chanjo ziendelee, ukiwaeleza kwamba amepasuliwa moyo. Rudini hospitali bila kusubiri tarehe kama kidonda kinatoa usaha, ana homa, pumzi zimepanda tena, au amekataa kunyonya.

Baada ya hapo amepona kabisa?

Njia imezibwa. Vali inabaki ya kutazamwa maisha yote, maana inaweza kuanza kuvuja miaka mingi baadaye, na aota iliyokwisha kutanuka inaweza kuendelea kutanuka. Watoto wengi waliopasuliwa mapema huishi vizuri na chemba ya kushoto hupungua kurudi karibu na ukubwa wake. Baadhi watahitaji upasuaji mwingine. Vali ya aota ikiharibika kwa mtoto anayekua, daktari anaweza kuzungumzia kuhamisha vali yake mwenyewe ya upande wa mapafu kuja kwenye aota, upasuaji ulioanzishwa na daktari mpasuaji Donald Ross mwaka 1967. Vali ya chuma hudumu, lakini inadai wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku na vipimo vya damu visivyokatika. Kwa binti, dawa hiyo ina hatari kwa ujauzito, kwa hiyo mazungumzo hayo yaanze kabla hajawa mtu mzima.

Atacheza mpira?

Wengi ndiyo. Kinachoamua ni eko ya karibuni: vali, ukubwa wa chemba na upana wa aota. Aota ikiwa imetanuka, atakatazwa kunyanyua vitu vizito, na mwalimu wa michezo ajulishwe kwa maandishi.

Na meno?

Meno yapigwe mswaki kwa bidii kuliko ya watoto wengine. Kabla ya kung'oa jino katika miezi 6 ya kwanza baada ya kiraka, au wakati wowote kama pembeni ya kiraka bado panavuja au ana vali bandia, mwambieni daktari wa meno ili apate antibiotiki kwanza.

Karatasi zipi tusizipoteze?

Ripoti ya upasuaji kuliko zote. Si ile ya ruhusa inayosema "amepasuliwa moyo, anaendelea vizuri", bali ile inayoeleza njia ilianzia wapi, ilizibwa kwa kitu gani, mdomo mmoja au miwili, na mishipa inayolisha moyo ilikuwa wapi. Iombeni kabla ya kutoka wodini. Pigeni picha kila ukurasa, mmoja wenu abaki nayo kwenye simu, na mtumieni ndugu mwingine anayeishi nyumba tofauti, kwa sababu simu huibiwa na nyumba hupata mafuriko. Miaka 15 baadaye kijana wenu atakaa mbele ya daktari asiyemjua, na hizo kurasa mbili tatu ndizo zitakazomwambia daktari huyo kuna nini humo kifuani.